Umri wa nguru husomwa wapi? Kijiwe cha sikio la samaki na mambo ya sentimita 65

Naandika kutoka Buffalo, jimbo la New York, upande wa mashariki wa mji ambao wenyeji huuita East Side. Naishi hapa kwa binti yangu tangu nilipoacha kazi ya ukarani, mwendo mfupi kutoka soko la Broadway. Makala hii imetokana na simu ya mpwa wangu aliyeko Sib. Alikuwa amekasirika.

“Mjomba,” aliniambia, “watu wa uvuvi wanasema kanaad wa sentimita 70 ni mtoto. Mtoto gani huyo anayelisha nyumba nzima na wageni? Wamekiona wapi cheti chake cha kuzaliwa?”

Alinipigia mimi kwa kuwa anajua nilianza maisha ya kazi nikiwa karani wa uvuvi, huko pwani ya Kenya, mwaka 1972, kabla sijahamia Maskati. Kanaad anayemsema ndiye nguru wetu. Neno lake la cheti lilinifurahisha, maana cheti hicho kipo na samaki huzunguka nacho kichwani maisha yake yote. Basi nitaeleza kinavyosomwa, na kwa nini mpwa wangu amekosea juu ya nguru wake, ingawa kwa sehemu moja malalamiko yake yana haki.

Kila samaki mwenye mifupa ana vijiwe ndani ya kichwa, chini ya ubongo, jozi tatu, kulia na kushoto. Humsaidia kusikia na kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Vimetengenezwa kwa chokaa ya namna ileile inayong'aa ndani ya gamba la chaza. Jozi moja kwa kawaida huwa kubwa kuliko zile mbili, na hiyo ndiyo wataalamu huitoa. Kila siku samaki anapokula na kukua, utando mwembamba mno wa chokaa huongezeka juu ya kijiwe. Samaki akila vizuri utando huwa wa namna moja, akipata shida au baridi huwa wa namna nyingine. Mwisho wa mwaka inabaki jozi ya mistari, mmoja wa giza na mmoja wa mwanga, kama pete za shina la mti. Jambo kubwa ni kwamba mwili hauli kijiwe hiki. Gamba la samaki huweza kung'oka likaota jipya lisilo na habari za zamani, na katika njaa kingo zake hulika, lakini kijiwe kikishaandika hakifuti. Papa na taa hawana vijiwe vya kusomwa hivi, nao huhesabiwa kwa pingili za uti wa mgongo.

Mimi nilijua haya kwa maneno tu mpaka nilipofika hapa. Buffalo imekaa penye ncha ya Ziwa Erie, na katika ziwa hilo yupo samaki ambaye wavuvi wa hapa humwita sheepshead, yaani kichwa cha kondoo. Wamarekani wengi humdharau na kumrudisha majini. Jirani yangu, mtu wa Uvira aliyezaliwa karibu na Ziwa Tanganyika, hamrudishi. Samaki huyu ana vijiwe vya ajabu kwa ukubwa, kama maharage, vyeupe na laini, na ukitembea ufukwe wa Woodlawn, kusini ya mji, waweza kuviokota mchangani. Watoto huviita mawe ya bahati kwa kuwa vina mfuo unaofanana na herufi L. Cha upande wa pili mfuo wake umegeuka kama unavyouona kwenye kioo. Wengi wanaoviweka mfukoni hawajui kwamba wamebeba sikio la samaki.

Siku moja jirani alileta samaki wa namna hiyo, hakufika nusu mita. Tulipasua kichwa juu ya gazeti, tukatoa vijiwe viwili, tukavunja kimoja katikati, tukausugua uso wake kwenye msasa laini, tukaupaka mafuta ya kupikia ili mistari itokee, kisha tukautazama kwa hadubini ndogo ya shule ya mjukuu wangu. Mistari ilikuwa wazi kuliko nilivyotazamia. Majira ya baridi ya hapa, ambayo mimi huyalaani kuanzia Novemba mpaka Aprili, huandika kwa wino mzito. Mimi nilihesabu 21, jirani akahesabu 24. Tukarudia, tukabadilishana namba.

“Basi mzee,” akasema, “huyu ni mkubwa wa binti yangu.” Binti yake ana miaka 19.

Hesabu yetu ilikuwa ya jikoni, msiichukue kuwa elimu. Maabara huzamisha kijiwe katika gundi inayoganda kama kioo, hukikata kwa msumeno wa almasi kupata kipande chembamba kinachopita katikati ya kiini, na hukisoma wasomaji wawili wasioambiana majibu. Wakitofautiana sana kijiwe hutupwa. Lakini hata hesabu ya jikoni ilitutosha kwa jambo moja, maana samaki wa namna hii wamekutwa Minnesota wakiwa wamepita miaka 70. Samaki aliyeishi miaka 20 na zaidi katika maji yaliyopakana na viwanda amekusanya zebaki na uchafu mwingine mwilini kwa miaka hiyo yote. Idara ya Afya ya Jimbo la New York hutoa mashauri ya samaki gani waliwe na mara ngapi, na huwa makali zaidi kwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Jirani alikuwa akiwapa watoto wake huyo huyo mara tatu kwa wiki, kwa kuwa ni bure. Siku hizi huwapa mara moja moja, tena wadogo.

Kuhesabu huku kumetoka mbali. Leeuwenhoek, Mholanzi wa hadubini, aliona pete kwenye magamba ya samaki katika karne ya 17. Mwaka 1759 Hans Hederström wa Uswidi alihesabu pete katika pingili za uti wa mgongo. Mjerumani Reibisch akavigeukia vijiwe vya sikio mwaka 1899. Yote hayo yalifanyika katika nchi za baridi, na kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba samaki wa bahari zetu za joto hawawezi kusomwa kwa kuwa hawaoni baridi ya kuwaandikia mstari.

Mtu wa pwani angaliweza kuwaambia kwamba sisi nasi tuna majira. Kusi likivuma bahari huchafuka, maji hupoa, vyakula vya baharini hubadilika. Kaskazi ikija mambo hugeuka. Oman tofauti hiyo ni kali zaidi: wakati wa kusi, khareef ya Dhofar inapoanza, maji ya baridi hupanda kutoka kilindini kuanzia Salala mpaka Masira, na mwogeleaji huhisi kwa ngozi yake. Ndani ya Ghuba mambo ni kinyume, kiangazi ni birika na majira ya baridi ndiyo yanayopoza. Samaki huyaandika yote hayo. Mstari wake ni hafifu kuliko wa Ziwa Erie, lakini upo.

Mwaka 1971 Pannella alionyesha jambo jingine, kwamba ndani ya mstari wa mwaka imo mistari midogo ya kila siku. Hapo mlango wa bahari za joto ukafunguka, maana samaki wa maisha mafupi aweza kuhesabiwa kwa siku. Na mfano mzuri umetoka kwetu. Micheni Ntiba na Victor Jaccarini wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichukua tafi wa maji ya karibu na pwani ya Kenya, wakahesabu mistari midogo ya vijiwe vyake, wakailinganisha na urefu wa samaki, na matokeo yakachapishwa mwaka 1988. Tafi ndiye tasi wa Unguja, na ndugu yake wa Ghuba ndiye safi mnayemla kwa wali. Nakumbuka nilipoisikia habari hiyo nilicheka peke yangu. Miaka yote niliyokaa dikoni nikiandika “tafi, kilo kadhaa”, wala haikunipitia kwamba ndani ya kichwa chake mna daftari lililotunzwa vizuri kuliko langu.

Sasa nguru. Ni samaki mkubwa mwenye kijiwe kidogo na chembamba kinachovunjika kama ukucha wa mtoto, tofauti kabisa na lile haragwe la Ziwa Erie. Ukubwa wa kijiwe haufuati ukubwa wa samaki. Kazi ya kumsoma ilifanywa Oman kwa nguvu tangu miaka ya 1980 mwishoni, na Kituo cha Sayansi ya Bahari na Uvuvi kilichoko Maskati, kisha na watu wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, ambapo McIlwain na wenzake walichapisha umri na ukuaji wa nguru wa Oman mwaka 2005. Mwaka huohuo Grandcourt na wenzake walichapisha wa upande wa Abu Dhabi. Pande zote mbili zinakubaliana katika habari kubwa: nguru mkongwe hupita miaka 15, lakini karibu nusu ya urefu wake wa uzeeni huupata katika takriban mwaka mmoja wa mwanzo.

Hebu tulisimamie jambo hili, maana ndipo mpwa wangu alipopotea. Samaki hawakui kama mshahara wa serikali, nyongeza sawasawa kila mwaka. Kuna hesabu waliyoizoea wataalamu iliyotokana na Mwaustria, Ludwig von Bertalanffy, inayochora ukuaji kama mtu anayepanda mlima akichoka: hatua ndefu mwanzoni, kisha fupi, kisha fupi zaidi, mpaka anakaribia kilele asichokifika. Nguru ni mpandaji mwenye haraka. Akiwa na mwaka mmoja ana sentimita sitini na kitu. Akiwa na miwili anakaribia 80. Kisha mwendo hupungua, na miaka minane inayofuata humwongeza kiasi cha nusu mita tu. Kwa hiyo nguru wa sentimita 70 aliyemlisha mpwa wangu na wageni wake alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi, wakati yule samaki wetu wa Buffalo, aliyeenea katika sufuria ya kawaida, alikuwa na miaka 20 na zaidi. Macho hayawezi kukwambia hivyo. Mvuvi hodari naye hawezi, na hapo si dharau kwa wavuvi, maana mimi nimefundishwa nao mengi.

Tena nguru huanza kuzaa anapofika karibu sentimita 80, kwenye mwaka wake wa pili. Urefu wa chini unaoruhusiwa Oman na kwa jirani zake wa Ghuba ni sentimita 65. Utaona wenyewe palipo na pengo. Samaki wa 66 ni halali kwa sheria, na hajawahi kutaga hata mara moja. Hapo ndipo ninaposema malalamiko ya mpwa wangu yana haki kwa sehemu: aliuliza kwa nini auziwe kihalali kitu ambacho baadaye aambiwe ni mtoto. Sheria huwekwa kwa kupatana na riziki za watu, na sentimita 80 zingewaacha wavuvi wengi na mashua tupu. Ndiyo maana kuna ulinzi wa pili, kufungwa kwa uvuvi wa nguru kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba, ambao umewachukiza watu wengi bila kuelezwa vizuri. Miezi hiyo watoto wa mwaka huu wanakua kwa kasi ile niliyoieleza. Kwa samaki mwenye mwendo mdogo miezi miwili ni bure; kwa nguru mchanga ni sentimita kadhaa.

Mimi niliuona mwaka 1988 kwa macho. Nilikuwa Maskati, na soko la Matrah lilijaa nguru mpaka bei ikashuka, tukawa tunawapelekea majirani. Mavuno ya Oman mwaka huo yalikuwa karibu tani 27,000. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 yalikuwa yameanguka hadi elfu chache. Wengine walisema samaki wamehama, wengine walisema ni mapenzi ya Mungu. Wasomaji wa vijiwe walisema kwamba kati ya wanaovuliwa wadogo wamekuwa wengi mno, hasa katika majarife, na wakongwe wamekuwa wachache.

Sasa niseme langu. Katika ofisi ile ya pwani nilikoanzia, ambayo sitaitaja, karatasi yetu ilikuwa na nafasi ya aina ya samaki, kilo na bei. Basi. Nilikuwa na mwandiko mzuri, niliofundishwa shule ya misheni kwa fimbo na kwa wino wa kuchovya, na mkubwa wangu aliusifu. Kilo 1,300 za nguru niliziandika vizuri sana. Lakini kilo 1,300 zaweza kuwa nguru 100 wenye kilo 13 kila mmoja, ambao wameshataga miaka mingi, au zaweza kuwa watoto 650 wa kilo mbili. Katika leja yangu ni namba ileile. Mwaka ambao diko lingekuwa linakula mtaji wake, leja ingeonyesha faida. Na kuna jambo baya zaidi. Siku za mvua nisipofika dikoni, niliandika wastani wa jana na kesho. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, na hakuna aliyeniuliza. Tepu ya fundi cherehani ilikuwa na bei ya chai na mahamri. Kama ningepima urefu wa samaki ishirini kila juma, kwa miaka ile tisa, mtu leo angekuwa na kitu cha kulinganisha.

Msidhani pia kwamba vijiwe na magamba hayadanganyi wasomaji wake. Silikanti, samaki yule wa kale ambaye majarife ya Tanga yalianza kumtoa mara kwa mara tangu 2003 hata ikatengwa hifadhi yake ya bahari mwaka 2009, alisemwa muda mrefu kwamba huishi kiasi cha miaka 20. Hesabu hiyo ilitokana na mistari minene ya magamba yake. Mwaka 2021 Mahé na wenzake wa Ufaransa waliyatazama magamba ya silikanti 27 waliohifadhiwa Paris kwa mwanga uliochujwa, wakaona mistari mingine myembamba kati ya ile minene. Wakihesabu upya, mkubwa wao alikuwa na miaka 84, na wakakadiria kwamba aina hiyo huweza kufika 100, na kwamba mimba yake huchukua karibu miaka mitano. Fikirieni tofauti hiyo inamaanisha nini kwa mvuvi wa Tanga. Samaki ambaye ungedhani pengo lake litazibwa katika miaka michache, kumbe aliyenaswa alizaliwa enzi za babu yako.

Ndiyo sababu wataalamu waangalifu hawatosheki na kuhesabu. Hutaka kuthibitisha kwamba mstari mmoja ni mwaka mmoja kweli. Njia moja ni kutazama ukingo wa kijiwe kila mwezi, mwaka mzima, kuona mstari mpya unaanza lini na kama huanza mara moja tu. Nyingine ni kumchoma samaki hai sindano ya dawa ya tetrasaikilini, ambayo huacha alama inayowaka chini ya taa maalumu, kumwachia na kitambulisho, na kuhesabu mistari iliyoongezeka nje ya alama akinaswa tena. Kazi hii ni ya gharama na hurukwa mara nyingi. Mkisoma ripoti yoyote ya umri wa samaki, ya Zanzibar, Mombasa au Maskati, tafuteni kwanza kama imefanyika. Mimi huanzia hapo, kisha ndipo nitazame namba.

Kwa aliye tayari kujaribu nyumbani: upimaji wa nguru huanzia ncha ya mdomo hadi penye panda ya mkia, pale katikati mkia unapogawanyika, wala haufiki ncha za mkia. Wauzaji hupima mpaka ncha, na hapo sentimita kadhaa huongezeka za bure. Kichwa ukikipata kizima, mwombe muuza samaki akipasue kwa juu, nyuma ya macho, na utumie koleo ndogo ya nyusi. Vijiwe vya nguru ni rahisi kupotea katika damu. Ukitaka kujifunza mkono anza na changu, vyake ni vikubwa na havivunjiki ovyo. Vikaushe, uviweke katika bahasha yenye tarehe, mahali na urefu. Kijiwe kisicho na hayo matatu hakimfai mtu yeyote.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya kwa simu, kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Alinyamaza, akasema kwamba maneno ya wazee ni mengi. Ijumaa iliyofuata akanitumia picha. Nguru juu ya gazeti jikoni kwake Sib, na tepu ya njano ya mkewe imenyooshwa kutoka mdomoni mpaka kwenye panda ya mkia, kama nilivyomwelekeza. Chini ameandika: “Mjomba, 67. Muuzaji aliniambia 74.”